Vijiti Tisa vya Jumapili

Pale kwenye idara ya mazoezi ya viungo walimwita Ukuta, na mwenyewe wala hakununa. Jina hilo alilitolea jasho. Daktari mkuu wa utafiti alipomchagua kuwa mpimaji, alimkalisha siku mbili nzima mbele ya kamera, anapima mgonjwa huku sura yake inarekodiwa, halafu wanaitazama pamoja. "Nyusi," daktari anasema. Kumbe mgonjwa akikaribia kufaulu, nyusi za mpimaji zilipanda. Siku ya pili nyusi zikatulia. "Mdomo." Mdomo nao ukatulia. Ilipofika jioni, ungemwangushia sahani miguuni asingepepesa macho.

Msiseme ni ukatili, kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Utafiti ulikuwa wa watu waliopigwa na kiharusi mkono mmoja ukalegea. Kundi la kwanza walivalishwa glovu nene kwenye ule mkono mzima, saa sita kila siku, ili ule mgonjwa ukose pa kukimbilia ufanye kazi: kufunga vifungo, kumenya, kupiga pasi, chochote ambacho mtu alikuwa akikifanya kabla ya maradhi. Kundi la pili walifanya mazoezi ya kawaida tu. Mpimaji hatakiwi kujua nani yuko wapi. Mlangoni pake palibandikwa karatasi: USIMWAMBIE MPIMAJI UKO KUNDI GANI. Kuna mzee mmoja siri hiyo ilimwasha vibaya, kila akija anamkonyeza, anakohoa, anautazama mkono wake mzima halafu anamtazama yeye. Ukuta akawa anaangalia fomu.

Kipimo chenyewe ni kibao chenye matundu tisa, na kisahani chenye vijiti tisa. Mgonjwa anaokota kijiti, anakitia tunduni, anaokota kingine. Dakika mbili zikiisha, mpimaji anabonyeza saa, anaandika vijiti vingapi vimeingia. Hasaidii, hasifu, haguni. Mgonjwa akishaanza kusoma uso wako, nambari unayoandika si ya mkono tena, ni ya uso. Katika wapimaji wote wa utafiti ule, nambari za Ukuta ndizo zilizoaminika kupita zote.

Shida ni kwamba kazi hiyo aliibeba hadi nyumbani.

Mumewe alikuwa kinyozi. Na unajua tena vinyozi: mdomo haukai, habari za mtaa mzima ziko kwake, mteja anakuja kunyolewa ndevu anatoka na ushauri wa ndoa. Asubuhi moja, saa moja na dakika kumi na mbili, alikuwa anafunga viatu huku akisimulia jambo la kuchekesha, maneno yakaanza kuteleza, mdomo ukaenda upande, na kiatu cha kulia kikabaki hakijafungwa. Mkewe kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama saa. Ndivyo alivyofundishwa, maana hospitali lazima wataulizia dakika. Alifanya kila kitu sawasawa. Hakupiga yowe, hakulia. Na tangu siku hiyo hakulia tena kwa jambo lolote, wala hakucheka sana, moyo umekufa ganzi kabisa, anakula kwa sababu ni saa ya kula na analala kwa sababu ni saa ya kulala.

Maneno yalimrudia kinyozi. Mguu ukarudi kwa fimbo. Mkono wa kulia ndio uliogoma.

Utafiti ulipoanza, ulitaka watu ambao kiharusi chao hakijapita miezi sita. Yeye alikuwa na miezi saba na siku tano. Daktari mkuu alisikitika, akasema sheria ni sheria. Kliniki ya kawaida nako waliacha kwenda, kwa sababu mke yuko kazini na hakuna wa kumpeleka. Ndipo Ukuta akasema, kwa kinywa chake mwenyewe, "Usijali. Nitakufanyia mimi nyumbani."

Jumapili ya kwanza akaleta kibao cha zamani kilichokuwa kimetupwa stoo, na kisahani, na saa yake ya shingoni. Alijiambia huwezi kuanza mazoezi bila kujua mtu anaanzia wapi, na hapo hakukosea. Vijiti vitatu. Akaandika kwenye daftari. Jumapili ya pili akapima tena, kuhakikisha ile ya kwanza. Ya tatu akapima kwa sababu ya pili ilikuwa viwili. Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Baada ya chai meza inafutwa, kibao kinawekwa, kinyozi anakaa, mke anakaa mbele yake na ule uso. Dakika mbili. Nambari. Daftari linafungwa. Jumapili arobaini, jamani, nimezihesabu mwenyewe humo daftarini, na hakuna wiki iliyozidi vijiti vinne.

Jumapili hiyo ya arobaini viliingia vinne. Mke akabonyeza saa, akaandika.

"Leo vipi?" kinyozi akauliza, kama anavyouliza kila wiki.

"Vinne."

Kinyozi akaufuta mdomo kwa mkono wa kushoto. Akamwambia kwamba dada yake alipiga simu, anataka kuja kumchukua Jumamosi akakae kwake. Kule kuna watu mchana kutwa, siyo kushinda anatazamana na kabati. Naye amekubali.

Ukuta akauliza kwani hapa amekosa nini. Alimhesabia: chakula anakikuta kimefunikwa, dawa zimepangwa kwa siku, bafuni kuna chuma cha kushikia. Yote yalikuwa kweli.

"Sijakosa kitu, bibie," mume akasema. "Nilitaka kukuuliza tu, haya mazoezi yako yanachukua muda gani mpaka mkono uanze kufanya kazi?"

"Mazoezi gani?"

"Haya. Ya vijiti."

"Haya si mazoezi. Hiki ni kipimo."

Kinyozi alikitazama kile kibao. Miezi yote hiyo alikuwa akiwaambia wateja wake wa zamani kwenye simu kwamba mke wangu ni mtaalamu, ananifanyia mazoezi kila Jumapili, subirini tu nitarudi dukani. Kiti chake kule dukani hajakiuza hadi leo.

"Na mazoezi," akauliza taratibu, bila hasira hata kidogo, "tunaanza lini?"

Ukuta aliviokota vijiti, akavihesabu, tisa, akavirudisha kwenye kisahani.

Wiki ile alikwenda kazini kama kawaida. Alhamisi alimpima fundi viatu mmoja, kipimo chake cha mwisho katika utafiti. Miezi mitatu iliyopita fundi huyo alitia vijiti viwili akaishia kutukana kibao. Siku hiyo alitia tisa, na muda ukabaki. Akainua kichwa kumtazama mpimaji, uso mzima umejaa furaha, akakutana na ukuta. Furaha ikamshuka. Ukuta aliiona inashuka. Akamshukuru kwa kushiriki, kama fomu inavyosema.

"Mama," fundi akasema akiwa anainuka, "nisikufiche. Mbele yako najiona kama nimekuja kuomba pasi ya kusafiria." Akacheka mwenyewe, akampa mkono wa kuagana, na aliompa ni ule ule wa kulia uliokuwa umelegea. Ulikuwa na sugu, na ulibana. Kitu cha kwanza Ukuta alichowaza ni nguvu ya kubana, alama ngapi kati ya tano. Cha pili, kilichokuja wakati anaosha mikono, ni kwamba mkono wa mumewe hajui hata kama una joto au baridi. Anauosha kila siku, anaupitisha kwenye mikono ya shati kila siku, na hajui.

Alingoja aumie. Hakuumia. Akafunga bomba, akaita anayefuata.

Jumamosi begi la kinyozi lilikuwa mlangoni tangu alfajiri, na wifi alisema atafika saa tatu. Saa mbili kasoro Ukuta alitoka chumbani kichwa wazi, amefumua nywele zote, zimesimama. Mkononi ana chanuo na glovu nene ya kushikia masufuria. Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya kiti cha mumewe. Akamvalisha ile glovu mkono wa kushoto, ule mzima, akaikaza kwa utepe. Halafu akamtia chanuo kwenye ule wa kulia, akavikunja vidole kimoja kimoja. Vilikuwa baridi. Basi, akajua: ni baridi.

"Mteja gani huyu anamfunga kinyozi mkono?" mume akauliza.

Ukuta alikaa kwenye kigoda, akampa kisogo.

Chanuo likaanguka. Akaliokota, akamrudishia, akageuka tena. Likaanguka mara ya pili. Mara ya tatu likanasa kwenye nywele, likabaki linaning'inia, na mkono ukashuka peke yake. Yeye haoni mkono unafanya nini, na mume haoni uso wake. Kwa mazoea alianza kuhesabu kichwani. Alipofika sekunde ya mia na ishirini kidole gumba kikatafuta kitufe cha saa, maana hapo ndipo siku zote anapobonyeza. Mia na ishirini na moja. Chanuo likamkwaruza sikio. Mia na ishirini na mbili.

"Niliogopa," akasema, akiuambia ukuta wa mbele yake. "Kupima ningeweza. Ningekufanyia mazoezi halafu ubaki hivyo hivyo, ningekuwa nimeshindwa mimi. Niliogopa, mume wangu. Arobaini zote."

Nyuma yake alisikia pumzi ya mtu anayesukuma kitu kizito. Akangoja aambiwe lolote, hata tusi.

"Inamisha kichwa," kinyozi akasema.

Akainamisha. Chanuo likashuka kutoka utosini hadi kisogoni, mara moja, polepole, limepinda, likiacha mstari mmoja mbaya. Hesabu ilikuwa imeshampotea.

Wifi aliingia saa tatu kamili na sauti yake kubwa. Akasimama mlangoni.

"Wifi yangu! Nani kakuparura hivyo kichwani, kuku?"

"Ngoja dada," kinyozi akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Nina mteja."

Wifi akakaa juu ya begi. Baadaye aliuliza kwa sauti ya chini wameanza saa ngapi, wamechukua muda gani, naye Ukuta, ambaye angekwambia dakika ambayo kila mgonjwa wake aliketi, akasema hajui.

Mngependa nimalizie kwamba begi lilirudishwa chumbani. Halikurudi. Kinyozi alisema amekwisha kutoa neno, atakwenda, na upweke wa ile nyumba usingeondoka kwa mstari mmoja wa chanuo. Alisema hivyo bila kisirani. Ukuta alimbebea begi hadi kwenye gari. Uso wake ulikuwa vile vile, mambo hayageuki siku moja. Kinyozi akashusha kioo.

"Kesho Jumapili," akasema.

"Najua."

"Kile kibao usije nacho."

Gari likaondoka. Mchana Ukuta akabandika maharagwe, kwa sababu ni saa ya kula. Yalipochemka akanyoosha mkono kwenye msumari kuchukua glovu ya masufuria, hakuna. Alitafuta mezani, chini ya kiti, hakuna. Akashika sufuria hivyo hivyo, likamuunguza vidole viwili, akaruka, akapiga kelele peke yake jikoni. Kisha akakaa chini sakafuni, vidole mdomoni, akalia mpaka maharagwe yakaungua. Vidole viliuma, kwa kweli. Lakini kwa vidole peke yake mtu halii saa nzima.

Jumapili asubuhi alivua saa ya shingoni, akaitia kwenye droo. Kwa wifi ni mitaa minne, akaipita kwa miguu, kichwa wazi, nywele zimesimama kila upande na ule mstari mmoja katikati. Watu waligeuka kumtazama. Watoto wawili walicheka waziwazi, na nyusi zake zikapanda.

Alibisha. Wifi akafungua, akamtazama kichwani, ukaona kabisa ana utani wake tayari. Akaumeza.

"Pita nyuma uani," akasema. "Anakusubiri tangu alfajiri. Chai yenyewe kainywa kwa taabu, kamwaga nusu, nikitaka kumvua ile glovu ananikatalia."