Sita, Si Tano

...tano, nimeandika tano, na karatasi ya mapigo iko mikononi mwa Brynn tayari na sahihi yangu chini, na kwenye shimo la kumi na mbili Brynn alipiga sita, maana mpira wake ulitumbukia bwawani na maji yana adhabu ya pigo moja, hata watoto wa miaka saba pale klabuni wanajua, ila mimi niligeuza uso kwa kuwa alikuwa analia na sikutaka ajue nimemwona, nikasahau kuihesabu adhabu, nilisahau kweli, Mungu wangu, nilisahau... "Hakuna haraka, binti," anasema Bi Odegaard, mwamuzi, huku feni yake ndogo ikizungusha joto lile lile la Agosti humu hemani, "ukishasaini ukatoka hapa, hakuna kurekebisha," na Brynn anaitikia sawa, bi, anapitisha kidole chenye plasta, shimo la kwanza, la pili, jumla yake sabini na moja, yangu sabini na mbili, na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na nje kwenye pipa la maji yupo kocha wa chuo na kofia yake ya kijani, aliyemwambia baba asubuhi kwamba ufadhili umebaki wa mtu mmoja na atamchukua atakayeshinda leo, miaka minne, masomo, chakula, kitanda, mbali na Toledo, mbali na mapaa ya watu wanayoyaezeka baba na kaka yangu juani... na nyuma ya kocha yupo baba, anayehesabu mapigo ya wapinzani wangu kuliko yangu, niliposaini nikainua macho akanionyesha vidole sita, kisha kimoja akakiweka mdomoni, nikamwelewa papo hapo, hilo ndilo baya, nilimwelewa papo hapo, Brynn asaini tano, atoke, halafu baba amwendee Bi Odegaard kwa upole, samahani mama, nadhani pana kosa, na sheria haina huruma, anayesaini pungufu anafutwa, hata kama aliyeandika ni mpinzani wake, maana kila mtu anaandikiwa na mwenzake na kuhakiki ni juu yake, na mimi nitasema sikujua... sikujua... nalijaribu mdomoni neno hilo, linakaa vizuri mno... nikisema sita sasa hivi tutalingana, turudi shimo la kwanza tushindanie, na atanishinda, mapigo mafupi nayakosa tangu shimo la kumi na tano, atanishinda huyu huyu aliyeingia kwenye majani ya magotini kule shimo la tisa kuutafuta mpira wangu, zimebaki sekunde ishirini uhesabiwe umepotea, nikamwambia basi, acha, akasema, "Tafuta wewe, ukiupoteza huu nitamshinda nani?" akacheka, akauona yeye... na mimi ndiye niliyeandika kwenye insha ya maombi ya chuo kwamba gofu imenifunza ukweli, kurasa mbili nzima, baba akanisahihishia koma... "La kumi na mbili," anasema Brynn, kidole kimesimama, ananitazama, macho bado mekundu, "ulinihesabia sawa, Joelle? Mimi pale kichwa kilizima kabisa," na Bi Odegaard naye ananitazama, na feni inageuka, neno ni moja tu, sita, mtoto anayejifunza kuhesabu analisema, na Brynn anatabasamu kidogo, ananijibia mwenyewe, "Wewe huwa hukosei," kidole kinasogea, la kumi na tatu, la kumi na nne, na sasa siwezi tena kusema nilisahau, kusahau kuliishia kule bwawani, hiki cha sasa nakifanya nikiwa macho, na nikikifanya nitakwenda nacho chuoni, nitalala nacho kwenye kitanda hicho cha bure... nilikuwa na miaka sita baba aliponifunza somo la kwanza, kabla hata ya kushika fimbo, nilikohoa akiwa anapiga, akanichapa kofi la mkononi, akasema mwenzio anapotaka kupiga usiseme, usikohoe, usitikisike, ndiyo heshima ya mchezo, na nikalishika somo hilo kuliko yote... Brynn amemaliza la kumi na nane, ameinua penseli, na mimi nimesimama pembeni yake, miguu pamoja, pumzi nimeibana, sisemi, sikohoi, sitikisiki