Makapu Manne ya Bwana Tofauti

Hebu niambie, nguo ikikuchanikia, unaipeleka kwa fundi au kwa mwalimu wa Kiingereza? Mimi nilidhani jibu lake hata mtoto anayenyonya analijua, mpaka siku mkwe wangu alipohamia dukani kwangu na kamusi yake.

Mkwe huyo ni mume wa binti yangu wa pekee. Alikuwa akifundisha Kiingereza katika chuo cha jioni, chuo kikafungwa, akabaki nyumbani kuwasahihisha kuku. Binti yangu, ambaye hushinda kazini zahanati, akaja kunibembeleza.

"Mama, mchukue akae dukani, hata apokee wateja tu. Akiendelea kukaa nyumbani ataniua kwa masahihisho. Na tafadhali, usimkemee. Siku hizi ana moyo mwepesi, ukimgusa kidogo anasusa kula."

Nikakubali. Mkwe si mtoto uliyemzaa, huwezi kumfokea unavyotaka. Naye, niseme kweli, huniamkia kwa kuinama.

Duka langu ni chumba kimoja, kirefu na chembamba, chenye dirisha moja tu upande wa barabarani. Chini ya dirisha hilo ndipo ilipokaa meza yangu na cherehani yangu kwa miaka ishirini na sita. Macho yangu hayana ujana tena. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi nauona pale dirishani tu; mahali pengine popote naupapasa kwa vidole.

Siku ya kwanza mkwe alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akasema, "Mama, mapokezi lazima yawe mbele." Nikajibu sawa, mwanangu. Kumbe mbele ndiyo dirishani. Aliiburuta cherehani mpaka nyuma kabisa, karibu na pazia la kujaribia nguo, akaketi yeye kwenye meza yangu na kamusi, kalamu tatu na kikombe chake cha chai. Neno lilinifika kwenye ulimi. Nikakumbuka ule moyo mwepesi, nikalimeza.

Siku ya pili akaja na makapu manne ya plastiki. Kila kapu lilibandikwa karatasi yenye neno lake: MEND, REPAIR, FIX, ALTER.

"Haya yote si kutengeneza tu?" nikamuuliza kwa upole.

Akatabasamu kama daktari mbele ya mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. "Kuna tofauti, mama. Mend ni kwa kitu kilichochanika au kupasuka, kama soksi au wavu. Repair ni kazi nzito zaidi, mashine, paa, barabara. Fix ni neno la mazungumzo, linaingia karibu kila mahali, na tena ni kukaza kitu mahali pake. Alter ni kubadilisha nguo ambayo haijaharibika, ili imkae mtu vizuri."

Simnyimi haki yake, alieleza vizuri, na mpaka leo ninayakumbuka. Lakini nguo haikuja duniani ikiwa imesoma kamusi. Mimi naigeuza ndani nje, naona pa kufumua, pa kupiga bandi, pa kutia kiraka, pa kupinda, na vyote hivyo vinaweza kuwa kwenye suruali moja ya mtu asiyejua kukaa. Mkwe akasema hapana. Nguo moja, kapu moja, na kila kapu siku yake: Mend Jumatatu, Repair Jumanne, Fix Jumatano, Alter Alhamisi. Ijumaa watu wachukue nguo zao.

Basi wateja wakapata pa kuchekea. Shati lisilo na kifungo likaingia Fix, maana kifungo hukazwa mahali pake. Sketi ya zipu mbovu ikaingia Repair, eti zipu ina chuma. Mama mmoja aliyeleta gauni alisimamishwa pale mezani akiulizwa kama gauni limeharibika au halimkai.

"Gauni halina kosa, baba," akasema yule mama. "Mimi ndiye nimenenepa. Andika unavyotaka."

Kinyozi wa mlango wa pili akachungulia. "Na mimi vichwa vya watu niviweke kapu gani, Bwana Tofauti?"

Mtu mwingine angecheka. Mkwe wangu akafungua kamusi. Jina likamganda tangu siku hiyo.

Jumanne moja akaja mlinzi, baba wa makamo, mrefu hata aliinama mlangoni. Alikuwa amepata kazi ya kulinda lango la hospitali, aanze Jumamosi, na koti walilompa lilikuwa limevaliwa na wengine kabla yake. Jeusi tititi. Mikono mirefu ikimfunika vidole, kwapa la kulia limefumuka, na bitana inaning'inia.

"Koti limeharibika, bibi," akaniambia kwa sauti ya juu, maana nilikuwa mbali kule nyuma. "Nataka tu nionekane mtu."

Mkwe akalishika yeye. Akalipima kwa futi, akalifikiria, akaliweka Alter, kwa kuwa mikono ndiyo jambo kubwa.

"Na kwapa, mkwe?" nikauliza.

"Kwapa ni Mend, mama. Mend ilikuwa jana."

Alhamisi nikapunguza mikono. Nilipomaliza nikajaribu kuiba muda nishone na kwapa, lakini kule nyuma kitambaa na uzi vilikuwa usiku mmoja. Nikajichoma kidole mara mbili, nikashona bitana pamoja na mfuko, ikabidi nifumue. Mkwe akalichukua koti mikononi mwangu taratibu, akalipeleka kwenye kapu la Mend likasubiri Jumatatu. "Tufuate utaratibu, mama," akasema. Mimi, fundi aliyemshonea suti yake ya harusi, nifuate utaratibu.

Ijumaa mchana mawingu yalitanda, mlinzi akaja kuchukua koti lake. Akalivaa mbele ya kioo. Mikono ilimkaa sawasawa, akatabasamu. Kisha akapiga saluti kama atakavyowapigia wakubwa langoni, na kwapa likafunguka mpaka shati likaonekana.

"Hapa panaingia upepo," akasema.

"Hiyo iko Mend," mkwe akamjibu. "Jumatatu."

"Naanza kesho saa kumi na mbili asubuhi. Msimamizi atatukagua mmoja mmoja, na atakayemwona amechakaa anamrudisha kwao. Nyuma yangu kuna watu tisa wanaingoja kazi hiyo hiyo."

"Ungesema mapema kwamba unataka mend pamoja na alter."

"Nilisema limeharibika. Nilisema kwa mdomo huu, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Sawa, ila kuharibika nako kuna tofauti…"

Mlinzi hakugombana naye. Alivua koti, akalikunja mara mbili, akampita mkwe wangu kama anavyopitwa mti, akaja hadi kule nyuma nilikokuwa.

"Bibi, fundi ni wewe au ni yule?"

Nikalipokea koti. Nikachukua sindano, mkasi na uzi mweusi, nikapita katikati ya yale makapu, nikaenda kusimama dirishani, palipokuwa na ule mwanga kidogo uliobaki. Mkwe alikuwa ameshika kikombe chake.

"Unatafuta nini, mama?" akauliza. "Niambie nikupe."

"Mkwe wangu," nikamwambia, wala sikupandisha sauti, "inuka. Nataka meza yangu."