Msindikizaji Mmoja

Waraka ulifika kijijini kwetu, juu ya Mollo, ukiwa umelowa chapachapa, kwa sababu aliyeuleta alianguka mtoni pamoja na baiskeli yake. Bertilla, muuguzi wa zahanati yetu, akauanika karibu na jiko kama dagaa wa Kirando. Ulipokauka tukausoma. Serikali ilikuwa inasema hivi: gari lolote linalobeba wagonjwa, liwe la wilaya, la misheni au la kijiji, litakaguliwa. Dereva wake atasoma wiki moja mjini Sumbawanga. Kisha mkaguzi wa mkoa atakuja kumpima kwa macho yake mwenyewe, na gari litakaloshindwa litachukuliwa, likabebe mafaili ya watu wazima wa afya.

Gari letu lilikuwa Landrova waliyotuachia mapadre, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya mkonge. Kamba hiyo niliisokota mwenyewe. Mkonge naujua, niliukata huko Tanga miaka minne, ukanila vidole viwili. Baadaye nikawa utingo, nikalala chini ya lori mara tatu, mara mbili kwa hiari yangu. Ndipo nikawa dereva. Sasa nina mvi, naambiwa nikafundishwe kumbeba mgonjwa! Nikacheka.

"Usicheke, Baba Silvana," Bertilla akaniambia. "Silvana ana miezi saba."

Nikaacha kucheka. Silvana ni binti yangu wa kwanza. Mimba yake ya kwanza iliishia kwenye utelezi wa bondeni, ndani ya Landrova hiyohiyo, mimi nikiwa kwenye usukani. Yeye akapona, mtoto hakupona. Na kama gari lingechukuliwa safari hii, angebebwa kwa machela mabegani mwa watu, saa tano za kutembea kwenye matope ya masika hadi hospitali ya mjini. Nikafunga nguo zangu kwenye kikapu, nikaenda shule.

Mwalimu wetu alikuwa mkunga mmoja aitwaye Kristiana, mwenye mikono ya mfua vyuma na sauti ya mtu anayesali. Tulikuwa madereva tisa. Alitulaza sakafuni, akatufunga mabanzi miguuni, akatupanua vinywa kutazama kama ulimi haujarudi nyuma ukaziba koo. Nilipojifanya nimezimia ili nipate usingizi kidogo, alinifinya sikio, nikafufuka.

Siku ya nne akaandika ubaoni: Msindikizaji mmoja tu.

Nikanyanyua mkono. "Mwalimu, kwetu mtu mmoja hasindikizi hata mbuzi."

Darasa zima likacheka. Naye akacheka, halafu akauliza taratibu, "Siku uliyobeba wengi kuliko zote, walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Na gari lilipita?"

"Lilikwama. Mpaka alasiri."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa ni mzima, mwalimu. Anasonga ugali mpaka leo."

Mtoto sikumtaja. Kipindi kilipokwisha nilikwenda nyuma ya choo, nikavuta sigara mbili mfululizo, na mimi si mvutaji.

Mkaguzi alikuja Alhamisi moja ya Februari, baada ya mvua ya kutwa na kucha. Aliitwa Nsajigwa, kijana wa Mbeya, mrefu, saa kubwa mkononi na viatu vinavyong'aa. Nikaviangalia, nikavionea huruma.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Nakupa hii moja tu. Kuanzia sasa mimi ni mkaguzi."

"Marahaba, mwanangu. Nitaitunza, zisije zikaadimika."

Hakucheka. Alipekua gari: mabanzi manne, bandeji, beseni, tochi, mablanketi mawili. Kamba ya mkonge akaitazama muda mrefu, akaandika. Kisha akasema, "Nataka mgonjwa. Mguu umevunjika. Nataka nione mnavyomhudumia tangu nyumbani kwake hadi hospitali, na mfike kwa saa moja na nusu. Na nikisikia mtu anasema hili ni jaribio tu, nafunga daftari. Ajali haina jaribio."

Nataka mgonjwa! Alidhani ni kitu cha kuagiza dukani. Kwetu kujifanya mgonjwa ni kuuita ugonjwa kwa jina lake, nao una masikio. Tulimwomba fundi baiskeli, akakumbuka ana safari. Tukamwomba karani wa kijiji, akasema yeye mguu wake anautumia. Mwisho tukaenda kwa Mzee Zenon, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mnene mwenye moyo mpana kama tumbo lake. Alikuwa peke yake nyumbani. Kijiji kizima kilikuwa kinapalilia mahindi katika shamba la ujamaa.

"Kiongozi ni mtumishi," alisema kwa huzuni, akajilaza uani. "Lakini neno 'naumwa' halitoki kinywani mwangu. Hilo nakataa, hata aje waziri."

Bertilla akapiga magoti kando yake. "Mzee, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Mguu huu ndio mnaosema umevunjika."

"Maumivu makali?"

"Waulize waliouvunja."

Mkaguzi akaandika. Mimi na Bertilla tukafunga mabanzi, moja ndani, moja nje, bandeji juu ya goti na chini ya goti, tukabonyeza vidole kuona kama damu inatembea. Tukahesabu moja, mbili, tatu, tukamnyanyua. Mgongo wangu ukalia, lakini machela haikuyumba. Dakika tisa. Nilianza kujiona daktari.

Kumbe kulikuwa na mama mmoja amepita kuchota maji. Alichokiona ni balozi aliyekuwa mzima asubuhi, sasa amefungwa miti mguuni, anaingizwa ndani ya gari la wagonjwa, na mgeni mwenye daftari kasimama kando anaandika. Hakuuliza. Alitupa mtungi, akakimbilia shambani.

Tukasikia vilio kabla ya kuona watu. Wakatokea juu ya matuta, arobaini na ushei, majembe mabegani, na mbele yao Fransiska, mke wa Zenon, kanga imemtoka kichwani.

"Zenon! Baba watoto! Umeniacha na nani?"

Kwetu mgonjwa hapelekwi peke yake. Anayepelekwa peke yake ni kama amekwisha kuzikwa, na asiyemsindikiza ataulizwa siku ya matanga alikuwa wapi. Basi hawakupoteza muda. Wakaanza kupanda. Fransiska akakaa kichwani, shemeji yake miguuni, wazee wawili wakaketi juu ya beseni, mtu akapitisha debe la unga, mwingine jogoo. Kamba yangu ya mkonge ikakatika.

Nikamgeukia mkaguzi. Alikuwa ananitazama mimi, si wao. Kalamu iko juu ya karatasi.

"Shukeni," nikasema. "Anapanda mmoja tu."

Hakuna aliyesogea. "Baba Silvana," Fransiska akasema, "mume wangu aende peke yake kama gunia la ulezi?"

Zenon, maskini, alishindwa kuvumilia machozi ya mkewe. Akanyanyua kichwa. "Mama, nyamaza. Mimi ni mzima kabisa!"

"Yesu na Maria," akapiga ukunga shemeji. "Anaweweseka!"

Vilio vikapanda maradufu. Watu sita zaidi wakapanda. Springi zikalia, Landrova ikakaa chini kama kuku anayetaga. Bertilla akaninong'oneza, "Dakika kumi na tatu."

Nina mdomo. Kila mtu kijijini atakuambia. Nimejinasua kwa wanyapara, kwa polisi wa barabarani, kwa baba mkwe wangu. Nikautafuta mdomo ule nikakuta umekauka. Hakuna mzaha uliokuja. Kilichokuja ni kile nilichokuwa nimekizungushia mzaha miaka miwili.

"Siku ya Silvana mlikuwa kumi na wanne," nikasema.

Shemeji akashusha uso.

"Nami nilikuwa naendesha. Wewe shemeji ulikuwepo. Na wewe, mzee. Nililiona gari linazama kule bondeni, nikaona aibu kuwashusha, wakwe zangu wamo, nitamwambia nani teremka? Tukakaa kwenye tope hilo mpaka jua likapinduka. Mjukuu wangu hakusubiri. Sikuwalaumu, wala leo siwalaumu. Mwenye usukani nilikuwa mimi. Lakini leo shukeni."

Palikuwa kimya hata jogoo akasikika akimeza mate. Akaanza kushuka yule mzee aliyekalia beseni. Akanishika bega, akapita. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakasimama na majembe yao hawajui wafanye nini na mikono. Na mtu mwenye mapenzi asiye na kazi ni hatari, atapanda tena. Nikayaona yale majembe.

"Anayempenda Zenon asimsindikize," nikasema. "Amtangulie. Kuna njia ya mkato ya kushuka bondeni. Kateni matawi, jazeni utelezi, chimbeni mfereji maji yatoke. Mimi nazunguka na barabara. Nikifika nipite!"

Ungeona watu wanavyokimbia! Uwanja ukabaki na debe la unga. Fransiska peke yake ndiye aliyekaa kichwani pa mumewe, amemshika mkono, naye Zenon amefumba macho, kwa aibu tu. Nikafunga mlango kwa mkanda wangu wa suruali. Dakika kumi na tano kamili.

Mkaguzi alikaa mbele nami, Bertilla nyuma na mgonjwa wake. Nilishika usukani kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono wa pili. Tulipofika bondeni, wapalizi walikuwa wametapakaa matope hadi kwenye nyusi. Matawi yamelazwa, mawe yamepangwa, maji ya mfereji yanakimbilia mtoni. Nikaingiza gia kubwa. Landrova ikateleza, ikaelekea pembeni, mikono arobaini ikaisukuma kutoka kushoto, ikanyooka, ikakwea. Nikapiga honi. Sikumbuki kama hilo nalo tulifundishwa.

Nsajigwa akageuka kutazama nyuma, kisha akatazama karatasi yake. "Sheria inasema msindikizaji mmoja. Hawa arobaini nitawaandikaje?"

"Hawa si wasindikizaji, Ndugu Mkaguzi. Hawa ndio barabara."

Alifikiri mpaka tulipopita kijiji cha Kasense. Kisha akaandika kitu, sikuweza kukisoma.

Hospitalini tulifika tukiwa na dakika kumi na moja mkononi. Mkaguzi akafunga daftari, akasema, "Jaribio limekwisha." Zenon akasikia, akafungua mabanzi mwenyewe, akasimama, akajinyoosha kwa miguu miwili mizima. Fransiska alimtazama. Akanitazama mimi. Akamtazama mkaguzi. Halafu akavua kandambili.

Tulikimbia wote watatu kuzunguka gari, mkaguzi akiwa wa mbele kwa sababu ni kijana. Viatu vyake havikung'aa tena.

Matokeo alitusomea barazani, akiwa bado anahema. Mlango: umeshindwa, utengenezwe ndani ya miezi mitatu. Beseni: limepondeka, libadilishwe. Mabanzi, machela, muda, idadi ya watu ndani ya gari: vimepita. Akagonga muhuri. Gari linabaki kijijini. Nikakaa chini palepale kwenye ngazi za hospitali ya watu. Bertilla akakaa kando yangu. Alikuwa anatabasamu na kufuta pua kwa bandeji ya serikali.

Silvana alishikwa na uchungu mwezi wa nne, asubuhi, mvua za mwisho mwisho. Nilisimamisha gari mlangoni kwake, na kumbe habari ilikuwa imeshafika shambani. Nilisubiri waje kupanda. Hakuja mtu. Mbali na Bertilla, alipanda mama mkwe wake tu, akaketi kichwani pa Silvana, miguu imebana kama mwanafunzi. Nikafunga mlango, sasa una kitasa, nikashuka bondeni moyo ukinidunda mbele ya injini.

Walikuwepo. Majembe, matawi, Zenon mwenyewe amesimama katikati anaamrisha, Fransiska kando yake na fungu la matete. Alikuwa hajasema nami tangu Februari. Akapunga mkono: pita. Nikapita. Kwenye kioo niliwaona wamesimama kimya, kofia mikononi, na wa mwisho kugeuka alikuwa yule mzee wa beseni.

Saa nne kasoro kitu nilisikia kilio cha mtoto nikiwa nje ya hospitali, nimejifanya nakagua tairi. Tairi hilo nililikagua sana siku hiyo. Nilililowesha kwa machozi, ikanibidi nilifute.

Siku hizo kila safari ilijaziwa fomu ya mkoa. Nikaandika: Waliokwenda, wanne. Waliorudi, watano. Baada ya wiki mbili ikaja barua yenye muhuri: Dereva aeleze ni kwa nini alirudi na mtu wa ziada kinyume cha utaratibu.

Nikajibu: Ndugu Mkaguzi, huyo hakupandia njiani. Alikuwemo tangu tulipoondoka, ila alikuwa hajajitambulisha.

Jibu lake lilikuwa mstari mmoja tu, kwa mkono, bila muhuri.

"Shikamoo, babu. Hii ni ya pili."