Kabureta ya Mama Mkwe

Kwa mara ya tatu wiki ile, baiskeli ya injini iliingia gereji ikisukumwa. Aliyeisukuma alikuwa mama mkwe wa fundi wa hapo, muuguzi wa zahanati, mwanamke wa miaka hamsini na saba ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwasafisha vidonda wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Sare yake nyeupe ilikuwa imemgandia mgongoni kwa jasho. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akashusha pumzi.

"Imezima tena, mwanangu. Palepale nikishapita kiwanda cha matofali."

Fundi mwenyewe watu walimwita Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Walisema hana haja ya kufungua injini. Anainamisha kichwa, anasikiliza, anakutajia ugonjwa. Na kweli mara nyingi alipatia, tusimnyime haki yake. Ila sifa zilikuwa zimemvimbisha kichwa, na mtu wa namna hiyo ukimletea ugonjwa asioujua, anaanza kumtazama mgonjwa kwa jicho baya.

"Shikamoo mama," alisema, akaweka spana chini. "Hebu tuone."

Akafanya kama alivyofanya mara mbili zilizopita. Kwanza alifungua mfuniko wa tangi kuangalia mafuta. Yalikuwepo, tena tele. Akafunga koki ya mafuta, akaifungua kabureta vipande vipande juu ya gazeti. Boya lilielea vizuri. Jeti, kile kijibomba cha kupitishia mafuta, aliipuliza, akaielekeza juani, akaona nuru kupitia katundu kake. Chujio la hewa alilikung'uta. Akarudisha kila kitu mahali pake, akapiga pedali, na injini ikawaka mara moja. Akazunguka nayo uwanja wa gereji mara mbili, akarudi.

"Mama, kabureta iko safi. Hii mashine haina kosa."

"Sasa mbona inanizimia njiani?"

"Labda unavuta choki injini ikiwa na moto."

"Choki siigusi. Ulinikataza."

"Au unakaza mafuta ghafla ukifika mlimani."

"Naendesha vile ulivyonifundisha, mwanangu."

"Basi mimi sijui. Kwangu inawaka."

Mchomeleaji wa pale gereji, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akainua miwani yake na kusema labda mashine inamwonea haya fundi kama mkwe, ndiyo maana kwake haizimi. Waliokuwepo wakacheka. Sikio naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua hapaswi. Mama mkwe akatabasamu kwa adabu, akachukua mfuko wake wa bandeji. Alisema bado ana wagonjwa wanne, atakwenda kwa miguu, na kama fundi hatajali amrudishie chombo zahanati jioni.

Mtu atauliza, kwa nini fundi asiende naye hadi hapo kwenye kiwanda cha matofali akajionee? Kubanana na mama mkwe juu ya tandiko moja, hilo lisingewezekana, na hata yeye mama asingekubali. Lakini angeweza kumfuata kwa baiskeli nyingine. Hakumfuata kwa sababu alikwisha kukata shauri kwamba kosa ni la mwendeshaji.

Hazikupita dakika ishirini, msimamizi wa zahanati akasimama mlangoni. Hakutaka hata kukaa.

"Fundi, wagonjwa wananilalamikia. Muuguzi anafika jua liko utosini, vidonda vimeshaloa. Leo naandika orodha mpya ya mzunguko. Nataka neno lako kama mtaalamu. Tatizo ni chombo, au ni mwendeshaji?"

Hapo Sikio alijua vizuri anachoulizwa. Mzunguko ule ndio uliomwinua mama mkwe kitandani baada ya kufiwa na mumewe. Wagonjwa wake aliwajua kwa vidonda vyao, nani hulia akiguswa na nani hutaka apigiwe hadithi kwanza. Kumtoa huko na kumweka dirishani agawe kadi ilikuwa ni kumzeesha kabla ya siku zake.

"Chombo ni kizima," alisema.

"Una hakika?"

Angeweza kunyamaza. Badala yake akaongeza, kwa sauti ya chini ya mtu anayejitia huruma, "Umri nao, bosi. Mikono haiwi myepesi kama zamani."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Alasiri Sikio alipanda baiskeli ile kuipeleka zahanati. Ilikwenda uzuri, mpaka moyoni akajipongeza. Akapita kiwanda cha matofali. Kufika kwenye kamlima kaliko mbele yake, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza kabisa.

Alibaki ameketi juu ya tandiko, mguu mmoja chini. Akapiga pedali mpaka jasho likamtoka, wapi. Akashuka, akafungua kikombe cha kabureta kando ya barabara. Kilikuwa kikavu. Akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta. Yakatoka matone mawili, matatu, yakakoma, na koki iko wazi, na tangi limejaa. Akafungua mfuniko wa tangi.

Fyuuu.

Ilikuwa ni hewa ikiingia ndani kwa pupa, na papo hapo petroli ikaanza kuchuruzika kutoka kwenye mpira na kumlowesha viatu. Sauti ile hakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Akageuza mfuniko, akakiona: kiduara cha mpira wa tyubu, kimekatwa vizuri kwa mkasi, kimeziba barabara kile kitundu ambacho tangi hupumulia.

Alikikata yeye. Wiki tatu nyuma mama mkwe alikuja akieleza kwa aibu kwamba akipita kwenye mashimo mafuta yanarukia sare yake, anaingia kwa wagonjwa ananuka petroli. Sikio akaona vibaya kutazama upande wa paja la mkwe wake, akafanya haraka, akakata kiduara, akakibandika, akashukuriwa. Kukitoboa kiduara kitundu cha hewa hakukumbuka. Tangu siku hiyo petroli ilikuwa ikishuka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mpaka tangi linajinyonga lenyewe. Na kila baiskeli ilipoletwa gereji, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufungua mfuniko kuangalia mafuta. Aliiponya kwa mkono wake kabla hajaanza kuutafuta ugonjwa, kisha akamwambia mgonjwa haumwi.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alikumbuka kile kicheko. Alikumbuka "umri nao, bosi", akatamani ardhi ipasuke. Wiki tatu nzima mama wa watu amesukuma chuma juani, anarudi kuulizwa kama anajua choki.

Halafu likamjia wazo, na niseme wazi kwamba lilimpendeza. Akitoboa tundu moja kwa pini, mambo yamekwisha. Mashine itakwenda, watu watasema mama amezoea, na jina la Sikio litabaki palepale. Akalitoboa tundu. Akarudisha kikombe na mpira wa mafuta, akafunga mfuniko, injini ikawaka, akaenda mpaka zahanati bila kukoholewa hata mara moja, na njia nzima hakujua bado atasema nini.

Mama mkwe alikuwa barazani na muuguzi mwingine, msichana aliyeajiriwa mwaka ule. Alikuwa akimwonyesha kwenye daftari nyumba moja baada ya nyingine. Msimamizi alisimama kando yao na karatasi mkononi.

"Huyu mzee wa mguu usimvute bandeji kavu," mama alikuwa akisema. "Iloweshe kwanza, umngoje." Akainua macho, akamwona mkwe wake, akatabasamu. "Karibu, mwanangu. Usiwe mnyonge hivyo. Nimekubali mwenyewe. Nimemwambia bosi, mkwe wangu hawezi kunidanganya, akisema mashine nzima basi ni mimi."

Kwa Sikio, kama angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Mama, ni mimi," alisema. Akafungua mfuniko, akawaonyesha kile kiduara, akaeleza yote mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi, tangu mkasi hadi pini. Hakuacha kitu kuhusu tangi. "Hukukosea hata siku moja. Nilikuzibia mimi, halafu nikakulaumu. Nisamehe, mama."

Watu wa benchi wakatazamana. Mama mkwe alikishika kile kitundu kwa ncha ya kidole, kisha akacheka, tena kicheko cha kutoka tumboni.

"Tundu lenyewe ndilo hili? Ah, mwanangu, nani hasahau? Mimi nilishawahi kumfunga mtu mguu mzima, wenye kidonda nikauacha. Yameisha."

Akachukua daftari lake kutoka kwa yule msichana, taratibu, akalirudisha mfukoni. Sikio alihisi mzigo unamshuka mabegani.

Msimamizi alikuwa bado anakunja uso juu ya karatasi yake. "Sawa, mzunguko nitaurudisha. Lakini fundi, mbona na umri uliutaja wewe? Mimi sikukuuliza umri. Nimeandika hapa, neno lako kabisa: mikono haiwi myepesi."

Mama mkwe hakumtazama msimamizi. Alimtazama Sikio kwa muda, na Sikio hakuwa na pa kuuweka uso wake. Hili hakuwa amelisema. Alikuwa ameungama yote ya mpira, akaliruka hili, akidhani halitafika.

Mama mkwe akafunga mfuko wake wa bandeji. Akashuka ngazi za baraza, akaishika baiskeli, akaigeuza kuelekea barabarani. Akapiga pedali mara moja tu, ikawaka.

"Ahsante kwa kazi, fundi," alisema, akaenda.

Miaka tisa Sikio alikuwa amekula mezani kwake, na mama hakuwahi hata siku moja kumwita fundi.