Godoro la Nyasi za Kilolo

Kila mwanzo wa muhula, wanachuo wa chuo kimoja cha ualimu huko Iringa walipewa gunia tupu kila mmoja, wakaenda kukata nyasi nyuma ya kanisa, wakazianika na kulijaza. Hilo ndilo lilikuwa godoro. Mwaka 1954 Sedekia alifika na gunia lililokwisha kujaa. Mama yake, Yudith, alikuwa amemkatia nyasi za kwao Kilolo, kwenye shamba ambalo baada ya mavuno lingechukuliwa na mzungu wa pareto. Mama aliambiwa ahame, ila hakuambiwa ahamie wapi.

"Angalau ulalie kwenu," alimwambia mwanawe.

Juma la pili nyasi zilichipua. Asukile, kijana wa Tukuyu aliyelala kitanda cha jirani, ndiye aliyeziona kwanza.

"Ninyi Wahehe, hata mkilala mnalima," alisema. "Palilia kabla ya ukaguzi."

Yakafuata maharage, kisha mahindi, na mchagoni likajitokeza kaburi la baba yake Sedekia pamoja na mawe yake yote. Aliyesimama kando aliona kitanda cha mbao. Aliyepanda juu yake alikuwa Kilolo, mtelemkoni, ukungu unampiga usoni na mto anausikia huko bondeni.

Mwalimu Philbert, mlezi wa bweni, alikuwa mtu wa utaratibu, wa wale wanaoweza kuikemea mvua kwa kunyesha bila ruhusa. Siku ya ukaguzi alisema tope halitakiwi sakafuni na blanketi litandikwe hadi kwenye pembe. Sedekia akalitandika shamba blanketi. Maharage yaliinama kidogo.

Baada ya mavuno Yudith alifukuzwa kama alivyoahidiwa, na nyumba yake ikatiwa moto asije akarudi. Alitembea mpaka chuoni na jembe begani, akawaamkia vijana, akapanda kitandani kwa mwanawe na kuanza kulima. Vijana wakaenda darasani. Alijenga kibanda karibu na kaburi, na jioni Sedekia akala ugali wa mama yake badala ya uji wa chuo, ambao tusiusemee mengi. Alifurahi mno. Mtu akijua mama yake ana pa kulala, hata hesabu za darasani humwendea vizuri.

Mwalimu Philbert akamwita.

"Mwanamke haruhusiwi bwenini."

"Ni mama yangu, mwalimu."

"Hata angekuwa mama yangu mimi."

Asukile, aliyekuwa amemsindikiza mwenzake, akaingilia kati. "Samahani, mwalimu. Mama hayumo bwenini. Yuko Kilolo. Kilichomo bwenini ni kitanda tu."

Mwalimu Philbert alikwenda kuchungulia. Alimwona Yudith kwa mbali akipalilia. Akakubali kwamba hapo ni Kilolo, na kwamba Kilolo haiko chini yake. Bweni zima lilimpongeza Asukile kwa kuwa na ulimi mwepesi.

Mzungu wa pareto naye alikuwa na shida yake. Mahali pa shamba jipya alikuta shimo la pembe nne, lisilo na udongo wala mto. Maneno husafiri, akasikia kwamba mlezi wa bweni fulani amekiri Kilolo iko kwake. Alikuja na mpima ardhi na mnyororo wa kupimia. Hakufoka. Mlangoni hata kofia alivua.

"Mwalimu, hapa kitandani ni Kilolo?"

"Ndiyo, bwana," alijibu Philbert, ambaye hakuwa mwongo.

"Basi hii shamba yangu."

Wakapigilia vigingi kwenye miguu ya kitanda, wakazungushia seng'enge. Yudith alishushwa, jembe mkononi. Asukile alilia mbele ya wenzake wote, akasema heri angeukata ulimi wake.

"Nyamaza, mwanangu," Yudith alimwambia. "Hata mabubu hunyang'anywa."

Muhula uliofuata pareto ilichanua, bweni likanuka maua. Kaburi lilisawazishwa kwa sababu lilizuia mistari. Mwalimu Philbert alisogeza vitanda ili vibarua wapate njia, na Sedekia akapewa nafasi sakafuni, kwenye saruji, aliyoizoea kwa shida. Vibarua walipita bwenini kila asubuhi na vikapu vyao, vijana wakiwapisha huku wakifunga vifungo vya mashati. Yudith alikuwa mmoja wao. Alitafuta kazi kwingine, akakosa.

Asubuhi moja Sedekia alisimama kwenye seng'enge, akamwomba nyapara ruhusa ya kumwamkia mama yake.

"Upesi," nyapara alisema.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, nenda kasome."

Nyapara akamwonyesha Yudith mstari ambao ulikuwa bado haujachumwa, ule uliopita juu ya mumewe. Yudith akainama, akaanza kuchuma.