Kufuli la Sindano

"Kata!" meneja wa zamu alisema kwa mara ya tatu, na mara hii hakuinua sauti, jambo lililowatisha watu zaidi.

Fundi Nane alikuwa ameushika mkasi wa kukatia vyuma kwa mikono miwili. Mbele yake, kwenye swichi kuu ya mtambo wa kuchanganyia sabuni, lilining'inia kufuli dogo jekundu lililobandikwa kipande cha plasta, na juu ya plasta jina la utani kwa kalamu ya wino: SINDANO. Kufuli likiwa pale, swichi haipandi. Na swichi isipopanda, sabuni iliyochemshwa ghorofani tangu alfajiri itaganda ndani ya pipa, igande na ndani ya bomba, na kiwanda kizima kitakaa siku kadhaa kikitazamana na watu wake.

"Sikati," alisema. "Mwenye kufuli hajaja."

"Mwenye kufuli ameshakwenda zake! Mlinzi kamwona."

Mlinzi alijikuna shingo. "Nilimwona msichana mwenye kitambaa cha buluu, mzee. Alikuwa anakimbia. Usoni sikumtazama."

"Wasichana wote wa kufungasha nao wana vitambaa vya buluu," Fundi Nane alisema. "Daftari la getini linasemaje?"

Daftari halikusema kitu. Wanafunzi wa mazoezi hawakuandikwa getini, kwa kuwa hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi. Waliingia asubuhi, wakatoka jioni, na kama mmoja wao angepotelea humo ndani, karatasi za kiwanda zingeapa kwamba hakuwahi kufika.

Hii ilikuwa siku ya mwisho ya Sindano baada ya wiki kumi na mbili. Chuo kilimleta ajifunze mitambo, kikampa na fomu ambayo msimamizi wake angeijaza na kutia sahihi kabla ya saa kumi jioni ya siku ile. Bila sahihi ile angerudia mwaka mzima. Jina alipewa karakanani kwa sababu ya wembamba wake. Alipenya mahali ambapo wanaume walikwama mabegani.

Siku aliyofika, Fundi Nane alimpa kufuli kabla hajampa hata bisibisi. "Hili ni lako peke yako," alimwambia. "Ukiingia ndani ya mtambo, lifunge kwenye swichi, ufunguo utie mfukoni. Halifunguliwi na mtu mwingine, si mimi, si mwenye kiwanda. Likiwa pale, maana yake wewe uko ndani." Kisha akamwonyesha mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu. "Mimi walisema nimeshakwenda kula. Tangu siku hiyo nahesabu hadi nane tu. Tisa sijui inakaa wapi."

Wanafunzi wote huwa wanacheka hapo. Huyu hakucheka. Aliutazama ule mkono, akauliza, "Ulipiga kelele?" Hapo ndipo mzee alipompenda kama mwanawe, na kwa kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, akawa mkali kwake kuliko kwa wote waliotangulia. Siku moja alimpandisha na kumshusha ngazi mara sita, kisa amesahau kuijaribu swichi baada ya kuifunga. Msichana alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi na kuifanya ya saba bila kosa.

Leo saa sita na nusu alikuwa amemtuma kwenye mfereji wa chini, ambamo parafujo refu la chuma husukuma sabuni, akachimbue bonge lililoziba. Yeye akaenda stoo kutafuta mkanda wa mashine. Aliporudi, kufuli lilikuwepo na Sindano hakuitika.

Mzee alikuwa ameshaingia kumtafuta. Alifunga kufuli lake kando ya lile jekundu, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye kona ya mfereji, na hapo mabega yakagoma. Ng'ambo ya kona aliona mwanga. Tochi ya msichana ilikuwa inawaka, imelala ubavu, na kilichokuwa nyuma ya mwanga hakikuonekana. Aliita mpaka sauti ikamkauka.

"Asiyejibu hayupo," meneja alisema mzee alipotoka na kulifungua kufuli lake.

"Aliyezimia naye hajibu."

"Simu yake?"

"Haipatikani."

Sasa ilikuwa saa nane imepita. Juu ghorofani watu walikuwa wanakoroga pipa kwa miti, wakipiga kelele kwamba inashika, inashika. Meneja alisogea karibu. Alikuwa na presha yake mwenyewe huyu bwana. Wakubwa wake walikuwa wamempigia mara mbili.

"Fundi, sikiliza. Mkataba wako ni wa mwaka mwaka, na mwezi ujao unakwisha. Ukitoka hapa leo, nani atakuchukua kwa umri huo, na mkono huo?"

Hakukuwa na wa kumchukua, na Fundi Nane alijua. Mkewe alikuwa kitandani tangu mvua zilizopita, na dawa zake zilitoka kwenye mshahara huu na si kwingine. Tusimpambe mzee wa watu: aliogopa. Akajisemea kwamba bila shaka aliyekimbia getini ni Sindano, nani mwingine akimbie saa za kazi? Akaupanua mkasi. Akauweka kwenye shingo ya kufuli. Meno ya chuma yakaligusa lile kufuli, likacheza kidogo.

Siku alipopoteza vidole vyake, yeye alisikia. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata Sindano alipouliza. Akiwa ndani ya mtambo alisikia viatu vikija, akasikia kufuli lake likikatwa, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na chuma kikazimeza. Walikuwa watu wema waliomfanyia vile, nao walikuwa na hakika.

Akautoa mkasi, akauweka sakafuni, kisha akaukalia.

"Unafanya nini?" meneja alikuja juu kama moto wa kifuu.

"Nimekaa."

"Wewe!" Meneja alimgeukia fundi mdogo aliyekuwa karibu. "Kalete msumeno."

Fundi mdogo alitazama viatu vyake. "Bosi, kesho na mimi nitakuwa ndani ya mtambo," alisema, na hakwenda.

Wakakaa hivyo. Kelele za ghorofani zilipungua, kisha zikakoma, na kila mtu aliyefanya kazi pale alijua maana ya ukimya ule. Mzee hakuinua kichwa. Alikuwa amepoteza kazi, na kama msichana alikuwa ndani, saa nzima na zaidi bila kuitika, basi amempoteza na yeye. Hakujua aombe lipi.

Saa tisa kasorobo, Sindano aliingia kwa mlango wa nyuma akikimbia, anahema, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

 Fundi Nane akalia pale pale chini, mzee mzima, mbele za watu.

"Fundi, nisamehe," msichana alisema. "Jirani alinipigia, mama ameanguka, hazungumzi. Nilikimbia tu, hata tochi nikaiacha ndani. Simu ikazima. Kule hospitali natafuta leso nimfute uso, nikaukuta ufunguo." Aliukunjua mkono, ulikuwa umemwachia alama kiganjani. "Nimemwacha na shangazi."

"Nilikwambia nini siku ya kwanza?" mzee alifoka. "Nilikwambia nini?"

"Ulinambia."

"Kwa hiyo," meneja alisema taratibu, "hakukuwa na mtu ndani."

"Sasa tunajua," Fundi Nane alisema.

Meneja hakugombana tena. Alimwambia mlinzi amtoe mzee nje ya geti, vitu vyake vitafuata. Sindano alichomoa fomu kwenye mkoba, mzee akapapasa kalamu mfukoni, lakini meneja akaikinga karatasi kwa kiganja. "Huyu si mfanyakazi tena. Sahihi yake haina kazi."

Msichana aliitazama fomu. Ilikuwa inagonga saa tisa, na saa kumi ndiyo mwisho.

Mtu akashuka mbio kutoka juu. Bomba limeziba lote, alisema. Juu hapafikiki, lazima lichongwe kwa chini, kupitia kwenye mfereji, kabla sabuni haijawa jiwe. Wote wakageuka. Mwili wa kupita kwenye ile kona ulikuwa mmoja tu.

"Ingia," meneja alimwambia, "na mimi nitatia sahihi. Sasa hivi."

Sindano alichukua patasi na nyundo. Alilifungua kufuli lake, kisha akalifunga upya, akaijaribu swichi, haikupanda. 

"Nitaingia," alisema. "Lakini siingii mpaka fundi wangu asimame hapa."

"Nimeshamfukuza."

"Basi sahihi baki nayo, bosi. Nirudi kwa mama."

 Simu ya meneja ililia mfukoni, akaenda nayo ngazini bila kusema ndiyo wala hapana.

Fundi Nane alijiinua kwa kushika ukuta, akasimama mbele ya swichi. Fundi Nane alijiinua kwa kushika ukuta, akasimama mbele ya swichi.

"Mzee," mlinzi alisema kwa aibu, "nimeambiwa nikutoe."

"Nitoe basi."

Ndani kabisa, patasi ilianza kugonga. Mlinzi alisikiliza. Aliangalia ngazi alikopanda meneja, akamwangalia mzee. Kisha akavuta ndoo tupu, akaifudikiza, akaketi juu yake kando ya mzee na kuvua kofia yake.