Unga wa Mgeni

Direkta Kalombo, mkuu wa shule, alisema waziwazi, tena mara mbili: "Mama Godelieve, kesho mutu wa programu anakuya kuangalia chakula ya batoto. Mupike tu sawa siku yote. Musijisumbue."

Kosa lake lilikuwa neno lile la mwisho. Mtaa mzima wa Musonoi, nani amewahi kuambiwa asijisumbue kwa ajili ya mgeni, akatii? Mtu hulisema kwa adabu, mwenye nyumba hulipokea kwa adabu, kisha huyo, anakwenda kukamata kuku. Godelieve, mpishi mkuu wa shule kwa miaka mitatu, aliitikia "Ndiyo, tata," akashika njia ya soko.

Siku zote alipika bukari, yaani ugali, ya mahindi ya Huguette, mdogo wake, na familia nyingine kumi na tisa zinazolima kando ya barabara ya Dilolo. Ndilo lililokuwa sharti la programu iliyolipia chakula cha shule: kitoke mashamba ya karibu. Ukaguzi ukienda vizuri, wakulima wangeuza mwaka mwingine. Ukienda vibaya, basi. Huguette alikuwa ameshalima shamba la pili akiutegemea mwaka huo.

Kwa hiyo Godelieve hakutaka mchezo. Unga wa Huguette ulikuwa mtamu, lakini wenye rangi ya kijivu kidogo, kwa kuwa mashine ya kule husaga mahindi bila kuyakoboa. Unaweza kumpa mtoto. Unaweza kumpa mume. Mgeni mwenye kalamu, je? Yeye na wapishi wenzake wakachanga, wakanunua unga wa Zambia, mweupe pe, wa kutosha shule nzima.

Mkaguzi, Stéphane, alitoka Lubumbashi. Alinawa mikono, akakaa kwenye benchi la watoto, akala bukari na sombe ya majani ya muhogo, akaomba nyongeza. Godelieve alifurahi mpaka akaona aibu kwa kufurahi hivyo.

"Mama, hii bukari iko muzuri sana. Unga munatoaka wapi?"

"Iko ya Zambia, tata!" alijibu kwa fahari. "Ile ya kwetu iko ya batoto. Mugeni hatuwezi kumupa ile."

Direkta Kalombo, aliyekuwa anakunywa maji, alipaliwa.

Stéphane alirudisha tonge kwenye sahani. Godelieve alitazama uso wa direkta, halafu kalamu ya mgeni, na hapo akaelewa. Alikimbia ghalani, na mama wa umri wake hakimbii hovyo, akarudi amekumbatia gunia la Huguette, kifua kizima kimejaa unga.

"Ni hii tunapikaka siku yote! Uliza batoto! Ile ya leo ni heshima yako tu!"

"Mi nakuamini, mama," alisema Stéphane, na kweli alimwamini. "Mama yangu naye angefanya vile vile. Lakini fishi, hii karatasi ya ukaguzi, inauliza ni unga gani iko mu sufuria leo. Ya jana haiulize."

Akaandika. Kisha akamaliza bukari yake yote, kwa sababu kuibakiza kungekuwa tusi.

Barua ilifika baada ya miezi miwili. Ilisema shule haikutumia mahindi ya karibu, kwa hiyo tangu muhula ujao programu yenyewe italeta unga kwa lori. Godelieve aliipeleka kwa mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe. Huguette aliisoma amesimama mlangoni, nyuma yake mahindi yamerundikwa hadi darini. Hakupiga kelele. Godelieve angependa apige.

"Yaya," alimuuliza dada yake, "ulisikia aibu juu ya unga yangu?"

Godelieve aligeuka, akaondoka. Alilia njia nzima ya kurudi, na hakujifuta.

Muhula ulianza. Lori likaja na mifuko, na unga ukawa mweupe pe. Siku ya kwanza Abigaëlle, mtoto wa darasa la pili, alipokea sahani yake, akaiangalia bukari, akageuka kutazama lango.

"Mama Godelieve, leo mugeni ni nani?"

"Hakuna mugeni," alisema Godelieve. "Kula."

Siku ya pili Abigaëlle aliuliza tena.